Vikwembe Vitano Angani

Harufu ya naftalini ndiyo iliyonikasirisha. Furushi lenyewe lilikuwa dogo, limeshonwa kwa uzi wa gunia, limeletwa na dereva wa lori kutoka Mbuji-Mayi, na juu yake binamu yangu ameandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa najua kwamba Tantine, dada yake Baba, amekufa. Walinipigia simu. Nilisema pole kama watu wanavyosema, nikarudi kumenya mihogo yangu. Sikulia. Nyinyi wa umri wangu mtanielewa, na msiponielewa pia sawa, kufa hakumfanyi mtu malaika.

Kwetu mwanamke akifa, nguo zake hugawanywa. Kila mtoto wa ukoo anapata kitu, hata kama ni kilemba kilichochakaa. Hilo ndilo lililokuwa fungu langu. Nilikata uzi kwa meno, harufu ikanipanda puani, na chini ya gazeti nikaona rangi ya kijani, na kuku wa manjano aliyezungukwa na vifaranga vyake. Nikakaa chini palepale sakafuni. Kikwembe kile, kitenge kama wengine mnavyosema, nilikuwa nakijua. Nilikivaa mara moja tu maishani, siku niliyopanda ndege kwa mara ya kwanza, na nilikivua mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Nilikuwa na miaka minane. Likasi ilikuwa inakufa na sisi watoto hatukujua, maana mji hauanguki kwa kishindo. King'ora cha kiwandani kililia siku moja, siku mbili kikanyamaza. Unga wa posho uliokuwa ukija kwa gunia ukaanza kuja kwa debe, kisha haukuja. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya vichwa vyetu kwenye zile nyaya nene, na sisi chini tulikula bukari, ugali wetu, gizani. Halafu watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, wakatupata sisi.

Baba alizaliwa Likasi. Kitovu chake kimezikwa Likasi. Lakini baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na hilo likawa kosa. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akiazima chumvi kwetu kila wiki na hakurudisha hata punje, alisimama kwenye ua wake akatuita bilulu, yaani wadudu. Nyumba za wenzetu zikavunjwa madirisha. Baba akaenda kukaa stesheni pamoja na mamia ya watu wengine, kwenye mikeka na masufuria, kungojea treni ya kuwapeleka Kasai. Alingoja majuma mengi. Siku treni ilipokuja, akaondoka bila kutuaga, maana aliyetoka kwenye mstari alipoteza nafasi.

Mama hakuondoka. Mama alikuwa Musanga, mtu wa hapahapa, na mama yake, yaani Kambo, alikuwa amelala kwetu na miguu iliyokufa, hawezi hata kugeuka kitandani. Basi akabaki na Kambo, na mimi, ambaye kwa upande wake nilikuwa mtoto wa nyumbani na kwa upande wa Baba nilikuwa mdudu. Watoto wa mtaa walianza kunirushia mawe nikienda kisimani. Mama alinipaka majivu ya moto kwenye jeraha la kisogoni, akaniambia nisilie, na siku hiyohiyo akatuma habari kwa Tantine.

Tantine alikuwa mchuuzi. Aliolewa na askari mwenye cheo kule Mbuji-Mayi, Kasai, kwa hiyo alipita vizuizi vyote akionyesha karatasi ya mumewe na kuwasalimia wanajeshi, basoda kama tulivyowaita, kwa majina. Nitasema ukweli, alikuwa mwanamke jasiri. Ila hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kununua samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, makapu mawili makubwa, na mimi nilikuwa nyongeza juu ya samaki.

"Nitamubeba mutoto," alimwambia Mama. "Lakini valize hapana. Kilo zangu zote ni samaki."

"Ata kifurushi kidogo, dada?"

"Ata kijiko. Ku ndeke banapimaka kila kintu. Na mu njia basoda banafungua mizigo yote."

Mama alitazama uvunguni. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani ya sanduku vikwembe vitano, vipya, havijawahi kushonwa, kila kimoja kipande kizima. Baba alimnunulia kimoja kila Noeli ya ndoa yao mpaka Noeli zilipokwisha. Wanaume walikuwa na mishahara, wanawake walikuwa na vikwembe. Nyumba ikiungua, mwanamke alitoa kwanza watoto, pili sanduku. Na Mama alijua kwamba sanduku lile halitakaa, maana vijana waliokuwa wakizunguka mtaani na kuvunja nyumba walishaanza kuingia hata kwa wenyeji walioolewa na Wakasai.

Nilipoambiwa nitapanda ndege, hiyo ndeke yao, nilivimba kichwa. Eti mimi! Watu wazima wanaondoka kwa treni, wamebanana kwenye mabehewa ya makaa, na mimi mtoto wa darasa la pili napita juu. Nilifikiri nimechaguliwa. Nikaenda mpaka kwenye ua wa yule jirani wa chumvi, nikamwambia binti yake, "Minye naenda na ndeke. Weye utabaki hapa na bukari yako." Yule msichana hata hakunikasirikia. Alinitazama akasema, "Ni haki. Bilulu binarukaka." Mimi nikaona amenisifu. Nikarudi nyumbani nikiruka kwa mguu mmoja.

Asubuhi Mama alinivua nguo zote katikati ya chumba, Kambo akitazama kutoka kitandani, akaanza kunizungushia vikwembe. Kimoja baada ya kingine, kuanzia kwapani mpaka magotini, akivuta kwa nguvu na kufunga kwa kamba za kitambaa. Kila kimoja kilikuwa na jina, kama wanawake wetu wanavyovipa. Macho ya Jirani. Bwana Amerudi. Sukari Imepanda. Maua ya Padri. Cha mwisho, cha juu kabisa, kilikuwa kile cha kijani chenye kuku, ambacho Mama alikiita Sitawaacha. Juu ya vyote akanivalisha gauni lake mwenyewe, likanikaa barabara. Sikuweza kukunja tumbo.

"Huko juu kuko baridi?" nikauliza.

"Eee, baridi mingi," alijibu. Nikaridhika. Kumbe ndiyo maana ananivika.

Halafu akapiga magoti mbele yangu, akanishika masikio yote mawili ili nisigeuze kichwa. "Usivule. Unasikia? Usipatie muntu, ata akuombe na machozi. Ukifika, uweke mu sanduku ya baba yako. Minye nitakuya kubifuata."

"Utakuya kufuata bikwembe?"

"Nitakuya."

Kambo alipiga ulimi pale kitandani, akasema, "Mwambie na yee utamufuata, si bitambaa tu." Mama akasema hilo mtoto analijua. Halikuwa kweli. Mimi nilisikia kitu kimoja, kwamba mama yangu atakuja kufuata vikwembe, na kwamba vikwembe viko kwangu. Kwa hiyo vikiwa kwangu, atakuja. Hesabu ya mtoto wa miaka minane ni fupi, na huwezi kumtoa humo.

Njia yote mpaka Lubumbashi tulipanda lori, juu ya makapu ya samaki. Jasho lilinitiririka mpaka miguuni na sikulalamika. Vizuizi vilikuwa vinne. Wanajeshi walifungua mifuko ya kila mtu, wakachukua walichotaka mchana kweupe. Mimi walinipapasa shavu wakasema mutoto huyu ameshiba, Tantine akacheka nao. Lakini aliponishusha kwenye lori alinishika kiunoni, na mikono yake ikabaki pale. Ikabonyeza. Ikapanda mpaka kwapani, ikashuka. Nakumbuka midomo yake ilivyokuwa ikitikisika kidogo, na leo najua alikuwa anahesabu.

Kwenye uwanja wa ndege nilitegemea kuona kitu kama kanisa. Ilikuwa vumbi, watu wanapigana kwa viwiko, na mizani ya magunia imewekwa nje juani. Kampuni yenyewe ya ndege leo imeshakufa. Ndege yake ilikuwa ya mizigo, walifunga viti vichache mbele na nyuma wakajaza magunia, kwa hiyo walipima kila kitu kilichoingia, samaki, mbuzi, na sisi wenyewe. Mpakiaji mmoja mwenye chaki sikioni alinisimamisha juu ya mizani, akatazama sindano, akanitazama mimi, akatazama sindano tena.

"Mama yangu weee! Kuyeni muone! Mutoto iko mudogo, kilo ni ya mama muzima! We mutoto, utaangusha ndeke yetu!"

Watu walicheka. Walikuwa na shida nyingi siku zile, wakanifanya kicheko chao. Mpakiaji akaandika kwa chaki mkononi mwangu, akanisukuma niende. Mimi sikucheka. Mtu wa ndege, mwenye mizani, amesema mbele ya watu wote kwamba nitaangusha ndege. Nani angejua zaidi yake?

Sikumbuki mawingu. Watu wakisimulia safari yao ya kwanza ya ndege wanasema mawingu yalikuwa kama pamba. Mimi nakumbuka harufu ya samaki, mbuzi aliyekuwa akilia nyuma ya magunia, na kidirisha kichafu ambacho sikuthubutu kukiegemea nisije nikaongeza uzito upande ule. Nilikaa bila kutikisika. Nilipumua kidogokidogo. Na kulikuwa na joto! Niliisubiri baridi ya Mama, haikuja. Nikaanza kuona kwamba Mama amenidanganya juu ya baridi, na sikujua kwa nini, na hilo likanitia hofu zaidi.

Tulipokaribia Mbuji-Mayi, muungurumo wa mashine ukabadilika. Masikio yakaniuma. Nikaona ardhi kwenye kidirisha, nyekundu, inakuja juu. Nikamshika Tantine mkono.

"Iko nini?"

Tantine alitazama dirisha. Alikuwa amepanda ndege mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Alijua vizuri kabisa iko nini. Akainama mpaka sikioni mwangu.

"Ndeke iko naanguka," alisema. "Haukusikia ule baba wa kilo? Ni juu yako."

"Nifanye nini, Tantine?"

"Vula bikwembe. Leta kwangu. Upesi."

Nikasema Mama amekataza. Akasema, "Bon. Basi tutakufa shiye bote, na ule mbuzi." Ndege ikashuka ghafla, mbuzi akapiga kelele, mwanamke mmoja mbele akamwita Bikira Maria. Nikaingiza mikono ndani ya gauni nikaanza kufungua kamba. Kile cha juu, chenye kuku, nilikizungusha kando nisikitoe, nikaanza na vya ndani kwa kuvivuta kwa chini. Nikampa Macho ya Jirani, na wallahi ndege ikanyooka. Mashine zikatulia. Niliona kwa macho yangu! Nikatoa cha pili kwa haraka, cha tatu, cha nne, kucha zikikatika, na Tantine akivikunja vizuri mapajani na kuviingiza kwenye mfuko wake kimoja baada ya kingine. Kilibaki cha kuku. Hicho nilikikumbatia. Nilifikiri, hiki kimoja si kizito, na Mama akija kufuata kimoja pia ni kuja.

Magurudumu yakagonga chini. Sijawahi kusikia kishindo kama kile. Nikajua tumekwisha, na ni mimi, ni roho yangu mbaya ya kubakiza kimoja. Nikakitupa kwa Tantine.

Ndege ikakimbia, ikapunguza, ikasimama. Na abiria wote wakapiga makofi. Walinipigia mimi, nilifikiri. Niliwaokoa. Nilisimama pale na gauni la mama yangu linaburuza sakafuni, tupu ndani, nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Tantine akafunga zipu ya mfuko wake. "Usimwambie mama yako," alisema. "Ataumia roho akisikia ulitaka kuua batu."

Miaka minane nilikaa kwake. Alinilisha, sikatai, na alinihesabia kila kijiko. Vile vikwembe alivishona kimoja kimoja, akavivaa misani Jumapili, na wanawake wakimsifu alisema ni zawadi ya mke wa kaka yake. Baba aliviona. Baba alikuwa amefika amekonda, akaenda kuchimba almasi, akarudi bila almasi, na akala kwenye meza ya dada yake kama mimi. Alitazama kikwembe alichokinunua kwa jasho lake la kiwandani kinapita mbele yake, akaendelea kutafuna. Nilimchukia kwa hilo. Amekufa pia, na bado sijamaliza.

Mama hakuja. Kila Noeli nilikaa mlangoni. Sasa najua kwamba Kambo aliishi miaka saba zaidi bila kuinuka, kwamba treni zilikatika, kwamba kutuma barua ilikuwa kama kuitupa mtoni. Wakati ule nilijua jambo moja tu. Mama alisema atafuata vikwembe, mimi nikavitoa, kwa hiyo hana cha kufuata. Na sikuweza kumlaumu mtu, maana niliokoa ndege.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoelewa. Tulikuwa kwenye mashine ya kusaga, mimi na rafiki yangu, tunacheza juu ya mizani kubwa ya magunia huku tukingoja zamu. Tulisimama wote wawili. Yeye akachoka na furushi lake la mahindi, akasema nishikie. Nikashika. Sindano haikutikisika. Nikamrudishia. Haikutikisika. Tukafanya mara tano, yeye anacheka, mimi sikucheka. Siku ile Tantine alikaa kiti cha pembeni yangu. Vikwembe vilitoka mwilini mwangu vikaingia mfukoni mwake, ndani ya ndege ileile. Hata mbuzi yule angeelewa.

Nilikimbia mpaka nyumbani, mahindi nimeyaacha. Nikamwambia usoni. "Kilo hazikutoka! Ulikuwa unajua!" Tantine hakukana. Alinichapa kofi moja, la kawaida tu, akasema, "Mutoto wa batu hana aksanti. Nani anakulisha?" Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliwahi kulala nacho chumba kimoja.

Nilirudi Likasi nikiwa na miaka kumi na sita, kwa lori na kwa miguu. Mama alikuwa anafagia ua. Alinijua kabla sijasema, akaangusha fagio, akanishika masikio yote mawili kama siku ile. Tulilia mpaka majirani wakaja. Halafu macho yake yakashuka kiunoni mwangu. Hakutaka, najua, lakini yalishuka.

"Na bikwembe?"

Ningesema nini? Kwamba nilivivua mwenyewe? Nikasema, "Soda alikamata. Ku uwanja wa ndeke."

"Soda," alisema Mama. Akaokota fagio. "Haya. Mungu atamuona."

Nikamwacha amlaani soda, askari ambaye hakuwako. Kila tulipopita kizuizini, miaka yote hii, alinigusa kiwiko na kuuliza kwa sauti ndogo, "Njo uyu?" Nami nikasema hapana, Mama, si huyu. Ulikuwa mchezo wetu, nilidhani.

Sasa kikwembe kile kilikuwa mapajani mwangu, kimefifia, na Mama alikuwa chumba cha pili. Nilifikiri nikichome. Nilikuwa nimeshaokota kiberiti. Lakini ana miaka mingi, macho yake yamepungua, pua yake haijapungua. Akatoka akishika ukuta, akasimama juu yangu, akainama akagusa kuku kwa kidole.

"Ah," alisema. "Kumbe ule soda yako amekufa?"

Niliweka kiberiti chini.

"Nilimuona ku picha ya ndoa ya binamu yako," Mama alisema. "Zamani. Amesimama katikati, amevaa kuku yangu."

"Na haukusema!"

"Weye haukusema. Nikafikiri, kama mutoto anafunika, kuko kintu inamuuma." Akakaa kwa shida pembeni yangu. "Bon. Sema."

Nikamwambia yote. Mizani, chaki, mbuzi, kamba, makofi. Nilisema haraka na kwa hasira, nikimtukana marehemu bila kuona haya, na nilipofika pale ndege ilipokuwa inaanguka sauti yangu ikawa ya mtoto. Mama alisikiliza akikunja kikwembe, anakikunjua, anakikunja.

"Ulifikiri mutakufa," alisema mwisho, "na ulibakiza hii?"

"Nilibakiza hii. Ili ukuje."

Aliweka mkono wake kisogoni mwangu, pale penye kovu la jiwe. Kisha akainua kikwembe mpaka puani, akanusa, uso ukamkunjamana, akakitupa mapajani mwangu.

"Fua mara mbili," alisema. "Inanuka yee."

Nilifua mara tatu.